Mashine Haina Shemeji

Jumanne, 1 Oktoba

Mwanangu Miriam amesema kila anayeunda vitu lazima awe na daftari, aandike alichounganisha na kilichotokea. Basi naandika. Ila mimi nikianza kuandika nitaandika na watu, kwa sababu humu kijijini nyaya na watu vimechanganyikana.

Boksi limefika na basi la Arusha. Mwanangu ndiye kalituma, mwanangu wa kwanza na wa mwisho, fundi wa umeme mwenye cheti chenye mhuri. Wapo waliozaa sita wakapata sita. Mimi nilizaa mmoja nikapata mtu. Ndani ya boksi mna taa ndogo kama punje za mtama, nyaya za rangi, transista, kengele ya ukubwa wa kifungo cha shati, na chuma cha kuchomea. Nilipochoma lehemu ya kwanza moshi ukanipanda puani, nikamwona baba yangu Eliufoo kwenye kibanda chake cha redio pale Same, mimi nina miaka kumi na mmoja nimemshikia tochi. Nilikuwa najua kubadilisha spika. Nilikuwa najua kunusa rizista iliyoungua. Kisha baba mdogo akasema msichana atashika cherehani, na baba akanyamaza. Miaka arobaini na mbili nimeshona sketi za shule huku nikimkasirikia mtu aliyekwisha kufa.

Jambo jingine la kuandikwa: wiki iliyopita tulikuwa na msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mimi ndiye niliyesimamia akina mama. Wazee waliochimba lile bwawa hawajapata kuliona safi vile. Tulikwangua kingo zote mpaka zikawa nyeupe kama sufuria ya harusi. Chini tope lilikuwa zito na majimaji, shemeji yangu Zephania, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasema inatosha. Kama si yeye ningekwangua mpaka chini.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimeunguza transista mbili. Sitaki kuongea na mtu.

Jumapili, 6 Oktoba

Taa imewaka. Video ninazojifunzia kwenye simu ni za kijana wa kigeni, anaongea kama anayekimbizwa, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Nimeacha kusikiliza. Naangalia mikono yake tu. Mikono haina lugha.

Nimewaita majirani watatu waje kuona. Mmoja akauliza, "Sasa hii inapika?" Nimemwonyesha mlango.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo sina subira, naandika nikiwa nimesimama.

Kila usiku mfereji wa kutoka mlimani unajaza ndiva, asubuhi anafungua mwenye zamu, anamwagilia. Ijumaa jioni lango linafungwa na mfereji unageuzwa kwa watu wa juu, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na huku kwetu hakuna anayeshika jembe. Ndiva inakaa imejaa, inatusubiri. Zamu ya Jumapili ni tamu kuliko zote, na zamu ya leo ilikuwa yangu.

Nimefika alfajiri nimekuta nusu bwawa, maji nusu, kingo tupu. Mahindi yangu yamefika magotini, mvua ya vuli haijatia hata tone, na mtu amekunywa zamu yangu.

Zephania alisimama pale mikono nyuma. "Shemeji, si mara ya kwanza. Hata Jumapili iliyopita ilikuwa hivi, tulinyamaza tu."

"Kwa nini mlinyamaza?"

"Tulisema tusimtaje mtu bila ushahidi."

Mtu gani, hakusema. Ila macho yake yalishuka kule bondeni kwenye birika la mifugo, ambako ng'ombe wa Sendeu, yule mfugaji Mmaasai, wanakunywa. Jumamosi sisi sote tuko kanisani. Sendeu hayuko.

Jumatano, 16 Oktoba

Ushahidi wanautaka, nitawapa.

Nimeunda kengele. Waya mbili zinaning'inia majini, zimefika shibiri tatu chini ya ukingo. Maji yakizigusa, kimya. Maji yakishuka yakaziacha, kengele inalia. Transista moja, rizista mbili, betri moja, ndani ya kopo la mafuta ya kupaka. Nimeipima kwenye ndoo mara ishirini. Mara ishirini imesema kweli. Nimempigia Miriam aisikie. "Mama, umeunganisha peke yako?" Nikamwambia, kwani nilikuzaa na nani, na fundi wa kukodi? Amecheka mpaka simu ikakatika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumetoka kanisani, nimejificha vichakani juu ya ndiva na kanga yangu, birika naliona, maji ya ndiva siyaoni. Saa kumi jioni kengele imelia. Na saa kumi jioni hiyohiyo, pale chini birikani, walikuwa ng'ombe kumi na wanane wa Sendeu na mwenyewe ameegemea fimbo.

Yule bwana ananisalimia kila siku. Mkewe Naipanoi nimemshonea nguo za watoto.

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa kumi tena. Dakika zinapishana kidogo tu. Ng'ombe walewale.

Jumapili, 27 Oktoba

Mkutano. Nilivaa gauni langu la kitenge cha bluu, nikaweka kopo mezani, nikaeleza. Watu wote kimya wananisikiliza mimi, mshona sketi.

Sendeu alisimama mwishoni. Akasema kwa utaratibu, "Birika linapata maji kwa bomba jembamba kama kidole changu. Ng'ombe kumi na wanane wanaweza kunywa nusu ya bwawa kwa kidole?"

Mtu akasema nyuma, "Labda unaongeza na mdomo wako." Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

"Mama Miriam," akanigeukia, "hiyo mashine yako imewaona ng'ombe?"

"Imesikia maji yakishuka, na wewe ulikuwepo."

"Nimekaa hapa miaka kumi na minne. Hata jua likizama mimi huwa nipo."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, na hilo likanichoma. Nikasimama nikasema kwa sauti ya juu: "Mashine haina shemeji, haina jirani, haina kabila. Imesema inachojua." Watu walipiga makofi. Zephania aliandika uamuzi papo hapo: bomba la birika lizibwe, ng'ombe wasikanyage tena eneo la ndiva, na faini ya dume moja kwa mujibu wa desturi, liliwe msaragambo ujao. Sendeu akasema madume yake yako malishoni mbali, upande wa Kisiwani, mpaka mwezi ujao. Zephania akasema basi watachukua aliyepo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Wamechukua mtamba. Mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani. Wamechinja leo leo kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji. Mimi nimepewa maini kwa heshima ya ufundi wangu.

Yalikuwa laini.

Alhamisi, 31 Oktoba

Joto. Mawingu yanakusanyika juu ya milima kila mchana kama wajumbe wa posho, yakishapewa chai yanatawanyika.

Jumapili, 3 Novemba

Ndiva ni nusu.

Naandika tena ili niamini: ndiva ni nusu. Bomba la birika limezibwa kwa saruji. Sendeu anapeleka ng'ombe wake Ndungu kutafuta maji, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Jana kengele ililia saa kumi na pale chini hapakuwa na hata kwato.

Nimemfuata Zephania. Anasema, "Basi ana wenzake." Nikamuuliza wenzake gani. Anasema, "Shemeji, ulitupa mtu mmoja, tupe na wa pili. Mashine si unayo?"

Nilimtazama yule mzee. Nikamwona kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa kwao. Hataki maji, anataka jina la kuandika.

Jumanne, 5 Novemba

Miriam kanitolea uvivu kwa simu. "Mama, kengele inakuambia maji yamefika pale. Haikuambii yalianza lini wala yalipitia wapi. Ulimtoza mtu faini kwa kitu hicho?"

Nikamwambia asinisomeshe, nimemsomesha mimi. Nikakata simu. Nimekaa na hasira yangu mpaka chai imepoa. Mtoto akiwa na akili unajivuna mpaka siku akili hizo zinapokugeukia wewe.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempigia. Hatukuombana radhi. Nimemwambia anipe orodha ya vifaa.

Jumapili, 10 Novemba

Boksi la pili. Hili si la watoto. Kuna bodi yenye akili yake, saa, memori kadi, na kifaa chenye macho mawili ya duara: jicho moja linapiga sauti, la pili linasikia sauti ikirudi, kama popo. Ukikining'iniza juu ya maji kinajua maji yako mbali kiasi gani, na bodi inaandika kila nusu saa. Programu kaandika Miriam, mimi nimeingiza kwa simu na kebo. Imekataa mara sita. Mara ya saba nimegundua nilichomeka waya mweusi mahali pa mwekundu. Baba angenipiga kidole kwa bisibisi.

Ndiva ni nusu leo pia. Mahindi yameanza kukunja majani mchana.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeitupa ukutani, nikaiokota. Haikuvunjika.

Ijumaa, 15 Novemba

Imefungwa juu ya ndiva, ndani ya kopo la aiskrimu, kwenye bomba la plastiki. Sijamwambia mtu, hasa Zephania. Lango tumefunga saa kumi na mbili jioni, maji yamegusa ukingo.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetoa kadi nikakaa kitandani na simu. Naandika kama ilivyoandikwa.

Saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja, maji yameshuka sentimita tatu. Saa moja mpaka saa mbili, tatu. Saa mbili mpaka saa tatu, tatu. Usiku kucha tatu, tatu, tatu. Alfajiri tatu. Wakati tumeimba wimbo wa kufungulia ibada, tatu. Wakati mchungaji anahubiri, tatu. Saa kumi jioni yalikuwa yamefika pale zilipo waya za kengele yangu, kama yalivyofika kila Sabato, awepo Sendeu asiwepo. Yakaendelea. Yalipofika sentimita sabini na tano chini ya ukingo, yakasimama. Usiku wote uliofuata hata sentimita moja haikupungua.

Mwizi gani huyo asiyelala, asiyekula, asiyeongeza mwendo, kisha anaacha nusu?

Hakuna mtu.

 

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeshuka ndani ya ndiva na panga. Chini ya sentimita sabini na tano kuna tope la zamani, jeusi, linanata kama ugali wa muhogo. Juu yake ni changarawe tupu. Nikaingiza kidole, kikaingia chote. Kingo zetu nyeupe kama sufuria. Lile tope tulilolikwangua ndilo lililokuwa likishika maji, tangu enzi za babu zao. Tumelitoa tukaliita uchafu, tukagawana kila mtu kwenye bustani ya mchicha wake.

Na aliyesimama juu akipiga kelele "kwangua, mama, hapo bado" ni mimi.

Nimekasirika nikakosa wa kumkasirikia. Nikampigia kelele mbuzi.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Sendeu. Alikuwa amerudi na ng'ombe kutoka Ndungu, mbavu zao zinahesabika. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Naipanoi alikuwa anasugua kibuyu, akaendelea kusugua.

Nimeeleza yote, namba zote, na tope. Niliposema "tulikosea" Naipanoi akauliza bila kunyanyua uso, "Tulikosea, wewe na nani?"

"Mimi nilikosea."

"Hapo nimekusikia."

Sendeu akasema, "Zamani kila kiangazi ng'ombe walikuwa wanaingizwa ndani ya ndiva, wanakanyaga tope kingo zote. Baba wa Zephania ndiye aliyekuwa anatuita. Miaka mitatu iliyopita mkasema wanachafua."

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Ningesema ng'ombe wangu ni dawa ya bwawa, siku mnayosema ng'ombe wangu wameiba bwawa? Ungecheka. Si ulicheka?"

Nilicheka. Nimeandika hapo nyuma kwamba nilicheka.

Nimemwomba alete ng'ombe. Akasema, "Uliniita mwizi mbele ya watu. Niite mbele ya watu." Na mtamba je, nikauliza. Akasema, "Kwanza watu."

Alhamisi, 21 Novemba

Mkutano niliuitisha mwenyewe kwa kupiga baragumu la msaragambo, jambo ambalo mwanamke halifanyi, na Zephania alikuja mbio akidhani kuna moto.

Nimesoma namba. Nimesema mimi ndiye niliyekwangua, mimi ndiye niliyemsingizia Sendeu, na kengele yangu haikudanganya, mdomo wangu ndio uliodanganya. Yule jirani aliyeuliza kama mashine inapika akasema, "Leo imepika." Nilistahili.

Zephania akasema mambo haya yangezungumzwa nyumbani, shemeji, kifamilia. Nikamjibu kwamba faini haikuandikwa kifamilia. Nikasema kila mtu arudishe tope lililoko kwenye bustani yake, na mchicha wake juu. Wapo walionuna. Mama mmoja analia kwa ajili ya vitunguu. Na mimi nimeng'oa vyangu, tena vilikuwa vikubwa kuliko vya wote, aulize mtu yeyote.

Jumapili, 24 Novemba

Watu wamemwaga tope kingo zote, tumelilowesha. Sendeu akaingiza ng'ombe. Kumi na saba. Wamezunguka na kuzunguka, anawaimbia kwa Kimaasai, kwato zinazama zinatoka, zinazama zinatoka. Kufikia mchana kingo zilikuwa nyeusi, zimekaza. Hakuna aliyethubutu kusema wanachafua.

Jumatatu, 25 Novemba

Tena kutwa nzima. Jioni matone machache ya mvua. Mahindi yangu theluthi moja yamekufa, hayo siyahesabu tena.

Jumapili, 1 Desemba

Kuanzia Ijumaa jioni mpaka leo alfajiri: sentimita mbili. Mbili tu. Jua peke yake lingekunywa hizo. Ndiva imejaa, Miriam ameomba picha ya namba awaonyeshe wenzake kazini. Amewaambia, "Hii kaunda mama yangu." Nimesikiliza ujumbe huo mara tisa.

Jumatatu, 2 Desemba

Ofisa kilimo amepita. Zephania amemwonyesha kopo la aiskrimu na kusema, "Kamati ilibuni mfumo wa kupima." Kamati. Nimemwacha amalize, kisha nikamuuliza mbele ya mgeni: mfumo huo, waya mweusi unachomekwa wapi? Amesema nyuma.

Mgeni alipoondoka nimeuliza habari ya mtamba. "Ameshaliwa, shemeji," akasema. "Kamati haina tumbo la kutapikia. Na wewe ulipewa maini."

"Ndiyo. Ndiyo maana nauliza."

"Basi rudisha maini."

Wajumbe wakacheka. Ningekuwa na chuma changu cha kuchomea mkononi leo kungekuwa na kesi.

Jumatano, 4 Desemba

Nina ng'ombe wawili: mama mwenye maziwa na mtamba wake. Nimemfunga mtamba kamba, nikampitisha katikati ya kijiji, polepole, saa ambayo kila mtu yuko barazani. Nilitaka wamwone. Zephania aliingia ndani akafunga mlango.

Sendeu akamzunguka mtamba, akamshika mgongo, akamfungua mdomo. "Mwembamba," akasema.

"Ni mwaka mbaya."

"Ni mwaka mbaya kwa wote." Akampa Naipanoi kamba. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kuaga.

Naipanoi akasema, "Wa kwetu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliyemchinja aliona. Kila mtu pale aliona. Mmekula wawili, Mama Miriam. Umeleta mmoja."

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekaa kivulini na sahani yangu ya maini napongezwa.

Nimerudi nyumbani. Yule ng'ombe mwenye maziwa ndiye aliyelipa ada ya Miriam miaka mitatu. Nimempigia Miriam nimemweleza. Akasema, "Mama, mimi nimeshamaliza shule."

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua imeanza usiku, imeshika vizuri. Asubuhi nimempeleka mama mtu. Barabara ilikuwa tope tupu, ameteleza mara mbili, na mimi mara tatu.

Naipanoi alimpokea getini akamwita mwanawe amlete mtamba. Walipoonana wale ng'ombe walilia. Sendeu alikuwa chini ya paa la nyasi anaangalia mvua. Nikamwambia shikamoo, ingawa tuko sawa kwa umri, au pengine nimempita.

Alivuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu pasipovuja.